Wakili kupandisha faili la mteja kwenye ChatGPT, kimaadili hii imekaaje?

binti_ipagala
Habari za jioni wakuu. Mimi ni wakili mchanga, nimeajiriwa kwenye ofisi moja ya mawakili hapa Dodoma mjini (jina silitaji). Siku hizi pale ofisini karibu kila kitu kinapita kwenye ChatGPT kwanza, hati ya madai, kiapo, hoja za maandishi, na kwakweli inapunguza kazi sana hilo sibishi. Kinachoninyima usingizi ni vitu viwili. Kuna shauri la ndoa, wanagombania mali na watoto, mwenzangu kapiga picha faili zima akalipandisha kwenye ile ya bure kwenye simu yake, na humo kuna vyeti vya kuzaliwa vya watoto, namba za NIDA na cheti cha hospitali cha yule mama chenye majibu ambayo hata ndugu zake hawayajui. Mteja hana habari. Alafu hoja zikitoka huko zinachapwa hivyohivyo na kesi zote za zamani ilizozitaja kama rejea, bila mtu kuzihakiki, bosi anasaini, zinasajiliwa kwenye mfumo wa mahakama. Nikiuliza naambiwa dunia inaenda mbio. Naombeni mawazo, hasa walio kwenye fani.

msomi_wa_kizota
Wakili msomi usirudi nyuma hapo, uko sahihi. Naanza na hizo kesi. Wiki iliyopita kijana wa field aliniletea hoja ina uamuzi wa Mahakama ya Rufani, majina ya wadaawa yamekaa vizuri, namba ipo, mwaka upo, mpaka aya ya nukuu ipo. Nikamwambia fungua TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, hapa mbele yangu. Namba ile ipo kweli, ila ukiifungua ni rufaa ya jinai ya mauaji, na sisi tunabishana kiwanja! Ile nukuu haipo popote. Sasa fikiria wakili wa upande wa pili ndo angeifungua yeye, mbele ya jaji, mteja wako amekaa benchi la nyuma anasikiliza.

Na haya yameshawakuta watu. New York mwaka 2023, shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili walipeleka kesi ambazo hazijawahi kuwepo duniani, moja ikiitwa Varghese dhidi ya China Southern Airlines, wakili alipoiuliza mashine kama ni ya kweli ikamjibu ndiyo, Jaji Castel akawapiga faini ya dola 5,000. London Juni 2025 Mahakama Kuu ilikuta shauri limetaja rejea 45 na 18 kati ya hizo hazipo kabisa. Hapo jirani Afrika Kusini, Pietermaritzburg, Januari 2025 ilikuwa hivyohivyo, wakapelekwa kwenye chombo kinachosimamia mawakili kule. Hakuna mahakama hata moja hapo iliyokubali utetezi wa kwamba mashine ndo imekosea. Aliyesaini ndo aliyesema.

kijana_wa_udom
Mimi sio mwanasheria niko upande wa kompyuta. Naomba niseme kwanini inatunga. Ile kitu haina maktaba ndani inayokwenda kutafuta kesi, inachofanya ni kukisia neno gani linafuata kutokana na maandishi iliyofundishwa, ndo maana jina la kesi linakuja limenyooka hata kama kesi haipo. Na maandishi ya sheria za Tanzania humo ni machache ukilinganisha na ya Marekani au Uingereza, kwahiyo kwetu inakisia zaidi. Zipo zinazotafuta mtandaoni kabla ya kujibu, afadhali kidogo, ila bado lazima ufungue chanzo mwenyewe. Lakini tusiiogope kupita kiasi jamani, Mahakama yenyewe ina mfumo wa akili mnemba wa kuandika yanayosemwa mahakamani na kutafsiri mwenendo wa mashauri, na ni msaada mkubwa kwa hakimu aliyekuwa anaandika kwa mkono siku nzima.

msomi_wa_kizota
Umenena mkuu, na ongeza Toleo la 2023 la sheria zetu zilizorekebishwa, lililoanza kutumika Julai 2025, vifungu vingi vimebadilika namba. Mashine inakupa namba ya zamani kwa kujiamini kabisa.

mzee_wa_kongwa
Mwanangu binti_ipagala, la kesi feki mwenzako kalimaliza. Mimi linaloniuma ni cheti cha hospitali cha huyo mama. Kesi feki ukiigundua unaiondoa, lakini siri ikishatoka mikononi mwako huwezi kuirudisha, na hiyo siri si yako, si ya bosi wako, ni ya mteja. Kanuni za maadili za mawakili za 2018 zinatubana kutunza siri za mteja, na Kamati ya Mawakili ipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, taarifa za afya na za watoto zimewekwa kwenye kundi nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Seva za hizo programu haziko Njedengwa hapa Dodoma mwanangu.

Chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kilitoa mwongozo Julai 2024 ambao naukubali: kabla hujaweka taarifa za mteja kwenye programu inayojifunza kutokana na unachoiwekea, umweleweshe na akubali, na kile kifungu cha jumla kwenye mkataba hakitoshi. Hata hivyo siku nyingi huhitaji kuweka majina kabisa. Andika "mke A, mume B", toa namba, toa hospitali, uliza swali la sheria tupu, utajibiwa vilevile.

mama_nkuhungu
Samahanini wanasheria, mimi ni mteja tu, nina shauri la kiwanja Baraza la Ardhi. Naruhusiwa kumuuliza wakili wangu kama anatumia hiyo kitu? Na kama kazi ya siku tatu inafanyika kwa saa moja mbona bei haishuki?

mzee_wa_kongwa
Muulize mama, ni haki yako, na muulize karatasi zako anaziweka wapi. La bei, kama mmekubaliana kulipana kwa saa, akudai saa alizofanya kweli, mwongozo huohuo wa ABA unasema hivyo. Kama mmepatana bei moja ya shauri zima hapo ni maelewano yenu, ila usiogope kuligusa.

binti_ipagala
Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Na lile faili ambalo limeshapandishwa?

mzee_wa_kongwa
Marahaba. Kesho asubuhi mwenzako afute mazungumzo yote, aingie kwenye mipangilio azime ile sehemu ya kuruhusu maandishi yake kutumika kuifundisha mashine. Alafu mwende kwa bosi mkiwa wawili, mlango umefungwa, usimsute mbele ya watu. Mwambieni bosi kwamba mteja lazima aelezwe, na aelezwe na yeye bosi mwenyewe. Akikataa niandikie inbox.