Programu ya simu inasema digrii 9, eksirei inasema 32. Tufuate ipi?

MamaWaNyamasaria:
Hamjambo ndugu zangu. Niko Kisumu, binti yangu ana miaka 13. Mwalimu wake wa michezo aliona bega moja limepanda kuliko lingine. Daktari wa mifupa alipiga eksirei, akasema uti wa mgongo umepinda digrii 32, avae mkanda mgumu wa plastiki, la sivyo huenda tukafika kwenye upasuaji. Kaka yake akapakua programu ya bure, akamwinamisha na kumwekea simu mgongoni: digrii 9! Sasa baba yao anasema hospitali zinatafuta pesa, 9 si kitu. Mimi silali. Hizi programu zinaaminika kweli?

FizioNakuru:
Pole sana mama. Vipimo vyote viwili vinaweza kuwa sahihi, maana havipimi kitu kimoja. Simu inapima jinsi upande mmoja wa mbavu unavyoinuka mtoto akiinama. Eksirei inapima mpindo wenyewe, pembe ya Cobb: kutoka pingili iliyolala upande zaidi juu ya mpindo hadi iliyolala zaidi chini yake. Kwa simu, 5 hadi 7 tu zinatosha kumpeleka mtoto eksirei. Kwa hiyo hiyo 9 inamuunga mkono daktari, haimpingi. Mwambie baba hivyo, tafadhali.

Matibabu huamuliwa kwa Cobb. Kati ya 25 na 40, kama mtoto bado anakua, ni mkanda. Upasuaji hujadiliwa ikipita 45 au 50. Je, ameanza hedhi? Daktari amesema mifupa imebakisha ukuaji kiasi gani? Hayo ni mazito kuliko programu yoyote.

Omwami_254:
Mimi nashughulika na simu hapa Kakamega. Kihisi cha mwinamo ndani ya simu ni kizuri. Shida ni kava, kamera iliyotokeza nyuma, na simu kukalia vifundo vya uti. Halafu nyingi nilizofungua hazitaji daktari aliyehusika wala zilipimwa dhidi ya nini. Isiyosema hayo, futa.

NyarKisumo:
Tusizitupe zote jamani. Kuna madaktari wanaopima Cobb kwa simu juu ya picha ya eksirei, na tafiti zimeona tofauti ndogo na kipima pembe cha kawaida. Hata madaktari wawili wakipima picha ileile wanaweza kupishana digrii 5 hivi. Kwa hiyo mama, safari ijayo ukiambiwa 35 usizimie. Ila picha iliyopigwa kimshazari ikatumwa WhatsApp, hiyo usiipime.

MamaWaNyamasaria:
Mungu awabariki. Hedhi bado. Na huo mkanda unasaidia, au ni kumtesa mtoto tu? Anaogopa kuchekwa shuleni.

FizioNakuru:
Hedhi bado maana yake bado atarefuka, basi msingoje. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2013 uliona asilimia 72 ya waliovaa mkanda walimaliza kukua bila kufika digrii 50. Kwa walioangaliwa tu ilikuwa 48. Waliovaa saa nyingi zaidi kwa siku ndio waliofaidika zaidi. Huvaliwa chini ya nguo, sare ikiwa kubwa kidogo hauonekani sana. Simu muitumie nyumbani kati ya kliniki na kliniki: mtu yuleyule, simu ileile bila kava, mwandike tarehe. Ikipanda, rudini kabla ya siku mliyopangiwa. Ikishuka, mkanda usivuliwe mpaka daktari aseme.

MamaWaNyamasaria:
Nimemsomea baba yao yote. Jumatatu tunaenda kupimwa mkanda, naye anakuja.