Printa yagoma kuchapa maandishi meusi kisa wino wa njano umeisha. Huu si wizi wa mchana kweupe?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mkikutana na maneno makali mnivumilie.

Mwezi mmoja kabla ya Idi nilinunua printa ya wino, ile ya katriji nne (vikasha vya wino, kila rangi na chake), kwa 220,000. Lengo dogo tu: kadi 40 za Idi kwa ndugu na majirani, nizichape mwenyewe nyumbani. Mama yangu ana bati la biskuti limejaa kadi za zamani, kila moja anakumbuka aliyempa, na mimi nimechoka na picha za mwezi na nyota zinazorushwa WhatsApp. Mtu anakutumia alichotumiwa, hata jina lako hajaliandika.

Mpango ulikuwa hivi: karatasi moja ya A4 inatoa kadi mbili. Mbele kijani kilichokolea, kimejaa pote, na "Idi Mubarak" meupe. Nyuma peupe, jina la familia chini kwa herufi nyeusi. Ndani salamu, nyeusi tupu. Unachapa nje zote, halafu unageuza mzigo unachapa ndani.

Basi Ramadhani 29 jioni, watu wako nje shingo juu wanatafuta mwezi, mimi niko mezani. Karatasi ya tisa ikatoka kijani kimegeuka bluu. Taa nyekundu. Wino wa njano umeisha.

Nikasema si neno, hizi nane nzuri zinanipa kadi 16, ngoja nigeuze nichape salamu maana hiyo ni nyeusi na katriji nyeusi imejaa zaidi ya nusu. Printa: badilisha katriji ya njano. Nikachagua nyeusi na nyeupe. Badilisha katriji ya njano. Nikazima, nikawasha, nikachomoa hadi ukutani. Badilisha katriji ya njano. Karatasi ipo, wino mweusi upo, hata umeme siku hiyo ulikuwepo, lakini bwana mkubwa anataka njano ndipo aandike neno jeusi! Utetezi wa watengenezaji eti wino ukikauka kabisa kichwa cha kuchapia kinaingia hewa na kuharibika. Haya, cha njano kimekauka. Mweusi kakosa nini?

Saa tatu usiku mwezi ukatangazwa. Maduka ya steshenari yote yamefunga. Kadi 16 za Idi zikaandikwa ndani kwa kalamu ya Bic na mke wangu, kwa sababu mwandiko wangu unafanana na wa daktari.

Nimekaa nikachimba kujua wino uliishia wapi, na hapa ndipo damu ilichemka. Kwanza, katriji zinazokuja ndani ya boksi ni za kuanzia, wino wake pungufu kuliko za dukani. Ukinunua, hakuna anayekwambia. Pili, ile "kurasa 160" iliyoandikwa kwenye katriji hupimwa kwa ukurasa ambao kila rangi inafunika asilimia 5 hivi. Ni barua yenye nembo kidogo pembeni. Kijani changu kinatengenezwa kwa samawati na njano, na nusu ya ukurasa mzima ni kijani. Piga hesabu: ukurasa mmoja wangu unakula njano ya kurasa zao nane hadi kumi. Hizo 160 zinakuwa 16 hadi 20 kwa katriji iliyojaa, na hapo hujafanya jaribio hata moja.

Na kila umeme ukikatika kazi ikiendelea, kichwa kinabaki wazi. Ukirudi, printa inajisafisha, na kujisafisha maana yake ni kufyonza wino wa rangi zote na kuumwaga kwenye sifongo iliyo chini ya mashine. Wiki ile umeme ulikatika kwetu sijui mara ngapi. Sifongo yangu imekunywa kijani kuliko ndugu zangu walivyokipata. Nasikia ikijaa nayo, printa inagoma mpaka fundi aireseti.

Seti ya katriji nne halisi ni 192,000. Printa 220,000. Mnaona mchezo?

Mtasema ningenunua za bei rahisi Kariakoo. Nilinunua baada ya Idi, zikafanya kazi siku tano. Siku ya sita printa ikajisasisha yenyewe kwa Wi-Fi, ikaamka inasema haizitambui. Kuna chipu kwenye katriji ambayo printa huikagua. Italia mwaka 2020 mamlaka ya ushindani iliipiga kampuni moja kubwa ya printa faini ya euro milioni 10 kwa mambo ya namna hii. Sisi huku tunaambiwa "warranty imekufa".

Kuhusu karatasi nitasema kidogo maana nikikumbuka napandisha presha. Muuza duka alinipa art card inayong'aa, akaapa ndiyo wanayochapia kadi za harusi. Hakudanganya. Wanachapia kwa mashine za leza na ofseti! Wino wa maji ukikaa juu yake hauzami. Nilisubiri dakika 40, nikapitisha kidole gumba, mwezi na nyota vikageuka ufagio. Karatasi 11 zikaenda kwa watoto wa shule. Ndiyo nikahamia karatasi nzito isiyong'aa ya gramu 200, tena ya kulishwa kwa nyuma, kwa sababu trei ya mbele inaipindua karatasi kama herufi U na nzito inakwama.

Sasa kilele. Asubuhi ya Idi binamu yangu kapokea kadi yake, kaitia mfuko wa kifuani wa kanzu mpya, nyeupe, ametoka kuipiga pasi. Mnalijua joto la Dar. Tukiwa kwenye biriani mke wake akauliza, "Hilo nini kifuani?" Doa la kijani la mstatili, kona nne zimekaa sawasawa kama bendera ndogo. Tukaitoa kadi: kijani kimechuruzika chote, jina la familia yetu jeusi halijatikisika hata nukta, maana wino mweusi ni wa chembe na haupendi maji, zile za rangi zinayeyuka. Yaani yule mweusi aliyekatazwa kufanya kazi ndiye pekee aliyekuwa wa maana.

Kanzu imefuliwa kwa ndimu, kwa chumvi, imepelekwa hata kwa dobi. Doa limegeuka rangi ya parachichi bichi. Binamu anadai 65,000, na anadai mbele za watu.

Wenye printa za matangi yanayojazwa wino wa chupa, msije hapa kunicheka kwanza. Nijibuni: rangi zenu zikipata jasho zinatoka au hazitoki?

Na hii yangu iko chini ya kitanda. Anayeitaka kwa 60,000, na katriji nyeusi iliyojaa zaidi ya nusu, aje PM. Ya njano atajitafutia mwenyewe.