Tumechoka na magongo yasiyokaguliwa kwenye besiboli ya vijana Uganda

Banange, hivi tutapigiana kelele za gongo la mti na gongo la alumini mpaka lini? Msimu ukianza tu, huyu anasema besiboli ya kweli ni mti, yule anasema mti ni wa wenye pesa kwa sababu unavunjika. Maneno mengi, na hapohapo chini ya benchi limelala gongo lenye ufa, kifuniko chake kinazunguka, chapa imefutika, na mwamuzi amelipita kana kwamba ni ufagio. (Nasema gongo la kuchezea. Lile la kunywa kwetu linaitwa waragi.)

Hilo ndilo ninalolalamikia: gongo ambalo hakuna aliyelikagua, liwe la mti au la alumini. Nchi iliyopeleka watoto wa Lugazi mpaka Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto mwaka 2012, ikarudi tena 2015, haina kisingizio cha kutojua kusoma chapa, yaani alama ya kiwango iliyopigwa kwenye gongo.

Haya, tuzisome. Kwa wakubwa wanaocheza uwanja kamili, chapa ni BBCOR .50. Maana yake ukuta wa gongo umebanwa ili usirushe mpira kupita sana gongo zuri la mti. Vyuo vya Marekani viliianza 2011, sekondari zao 2012. Gongo hilo halizidi unene wa inchi 2 na 5/8, na uzito wake kwa aunsi haupungui urefu wake kwa inchi zaidi ya 3. La inchi 33 lazima lifike aunsi 30, yaani sentimita 84 kwa gramu 850. Ukikuta limeandikwa -8 au -10, hilo ni la mtoto, na kijana wa miaka 17 akilishika anakuwa ameshika bunduki. BESR ni chapa iliyotangulia BBCOR. Ikiwa peke yake, gongo hilo ni la zamani, liondoke.

Kwa watoto, chapa ni USABat. Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, iliianza tarehe 1 Januari 2018, na siku hiyo magongo yenye BPF 1.15 peke yake, chapa ya zamani ya watoto, yakakosa kazi huko. Sasa jiulizeni kwa nini mizigo ya msaada huja na BPF 1.15 tele. Mfadhili simlaumu, anatoa kilichobaki stoo. Namlaumu anayepokea, anapiga picha, kisha anayagawa bila kugeuza hata moja asome. Na kuna mengine ni ya softboli kabisa! Yana unene wa inchi 2 na 1/4 na ukuta uliotengenezwa kwa mpira mwingine. Yapige kwa mpira wa besiboli wiki mbili tu, yanabonyea kama sufuria.

Wanaosema "gongo ni gongo" wasome hapa. Mti hauna uwazi ndani, kwa hiyo ukigongana na mpira, mpira ndio unaopondeka, na nguvu nyingi inapotelea humo. Alumini nyembamba hubonyea yenyewe kidogo kisha ikafyatuka, mpira haupondeki sana, nguvu inabaki. Ongeza kwamba kichwa chake ni chepesi, mkono unazunguka haraka. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, lakini akimaliza kurusha amebaki na kama mita 16.5. Mpira ukirudi kwa kilomita 150 kwa saa, ana sekunde 0.4 tu. Kwa watoto umbali ni mita 14, punguzeni wenyewe. Huko Montana, Marekani, mrushaji wa miaka 18 alifariki mwaka 2003 baada ya kupigwa kichwani na mpira uliotoka kwenye gongo la alumini, na mwaka 2009 jopo la raia mahakamani likaona mtengenezaji hakutoa onyo la kutosha. Jiji la New York lilipiga marufuku alumini sekondari mwaka 2007. Sisi tunamsubiri nani aanguke?

Tena ukaguzi wa magongo ya timu mbili hauzidi dakika kumi. Mwamuzi anayaomba yote kabla ya mechi, si yale mawili mazuri yanayoletwa mbele. Anasoma chapa. Haisomeki? Nje. Analitikisa karibu na sikio: kitu kikicheza ndani, nje. Anajaribu kuzungusha kifuniko cha juu kwa kiganja, kikizunguka kinaweza kuruka na mpira. Anapitisha kitambaa cha nailoni kuanzia kichwani hadi mpinini, kwa kuwa kinanasa kwenye ufa ambao jicho halioni. Anakagua kitako kama hakijalegea, na mshiko kama haujachanika, maana gongo likimtoka mtu mikononi linaishia kwenye benchi la wenzake. Mwisho anapitisha ringi. Fundi wa kukereza pale Katwe, Kampala, anakutengenezea ringi ya chuma yenye tundu la milimita 67. Gongo lililovimba au kubonyea upande halipiti. Ringi moja inatosha ligi nzima miaka kumi, lakini ni nani amewahi kuiona uwanjani?

Na kwa kuwa nimeitaja Katwe: acheni kupeleka magongo yaliyopasuka yakachomelewe! Alumini ya gongo imepata ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukiichoma, sehemu iliyo kando ya mshono inakuwa laini, na litavunjika hapohapo, safari hii kipande kikiruka. Gongo la alumini lenye ufa ni chuma chakavu.

Kompoziti, yaani gongo la matabaka ya nyuzi kama kaboni yaliyogandishwa kwa gundi, ndiyo mbaya kuliko zote kwa mazingira yetu. Jipya huwa limelala, linaamka baada ya kupigwa mara 150 hadi 300, huku unaligeuza robo duara kila pigo. Matabaka ya ndani yakianza kuachana, gongo linazidi kuwa kali, na siku chache kabla ya kupasuka ndipo linaporusha mpira mbali kuliko lilivyopimwa. Kuna wanaolibana kwenye rola makusudi ili lifike hapo haraka, na wengine wanang'oa kifuniko, wanakwangua ukuta kwa ndani, kisha wanagundisha. Ukiona gundi imechafuka kwenye ukingo wa kifuniko, umeshajua. Lakini kazi safi haionekani kwa macho, na mashine ya kubana gongo na kulipima hatuna. Kwa hiyo maoni yangu ni moja: kompoziti zisiingie kwenye mechi zetu kabisa.

Sasa nanyi wa mti msicheke. Magongo mnayochongesha kwa mafundi mbao wa Ndeeba, Kampala, nayo ni balaa. Musizi ni mwepesi na laini, unabonyea. Mvule ni mgumu lakini nyuzi zake zinapishana, na gongo linataka nyuzi zilizonyooka kwenye mpini kuliko kitu chochote. Kalitunsi (mkaratusi) ina nguvu, ila inapasuka ikikauka vibaya. Kipimo ni hiki: dondosha tone la wino kwenye mpini, utaona linatambaa kufuata uzi. Katika sentimita 20, uzi usikengeuke zaidi ya sentimita 1. Hiyo ni kama digrii 3, kiwango kinachotumika kwa magongo ya mti wa mepo ya wachezaji wa kulipwa Marekani. Ukizidi, gongo litakatika kwa mshazari na kuacha ncha kama mkuki.

Mwambieni fundi apasue gogo kwa kabari, asilichane kwa msumeno, kwa sababu kabari inafuata uzi na msumeno unafuata fundi. Kipande kiwe sentimita 95 kwa 7.5, ncha zipakwe rangi au nta ya mshumaa zisipasuke, kikauke kivulini miezi kadhaa, si wiki mbili juani. Mpini wa milimita 25 unatosha. Ile minene kama mchi wa kutwangia karanga inaficha ubovu wa mbao tu.

Pia mnayapiga vibaya, mnavunja, halafu mnalaumu mti. Lebo itazame juu au chini, isikutane na mpira kamwe. Kwenye ashi, mti mwingine wa magongo ya viwandani, kiwanda huiweka ili mpira ugonge upande wa mistari ya nyuzi, kwenye mepo huigeuza robo ili mpira ugonge upande bapa, kwa hiyo ukifuata lebo uko salama kwa zote mbili. Gongo la fundi halina lebo: ichore. Ashi ikianza kubanduka magamba, lisugue kwa chupa ya soda, ukikandamiza kufuata uzi. Msimu wa mvua usiliache kwenye majani wala limesimama kwenye simenti mbichi, likinywa maji linaongeza uzito. Na plasta kwenye mpini isifiche ufa. Gongo lililogundishwa na kutiwa skrubu likae kwenye mazoezi ya mpira uliowekwa juu ya kigingi, mechi halifai.

Ninachodai ni kwamba kuanzia miaka 13 mazoezi yafanywe kwa mti, kwa sababu mti unakuonyesha palepale umegonga mahali pabaya. Mikono ikiuma umejua. Mechi zichezwe kwa mti au alumini yenye BBCOR, timu zote mbili sawa. Olimpiki yenyewe ilihamia mti Sydney mwaka 2000, na ligi ya Cape Cod, ya wanavyuo wa Marekani, ilirudi kwenye mti tangu 1985, kwa hiyo kijana anayeota kwenda mbali atakutana nao tu.

Nyongeza: mnaouliza kuhusu magongo ya mianzi iliyogundishwa, ndiyo, yanadumu kuliko ashi na yanafaa sana mazoezini. Ila si kipande kimoja cha mti, kwa hiyo kwenye mechi yanahitaji chapa ya BBCOR kama alumini. Bila chapa, mwamuzi ayaweke pembeni.