Kutafuta ukoo wa babu katika mji mdogo wa Italia

Mjukuu wa Naivasha:
Habari zenu. Babu mzaa mama alikuwa mateka wa vita wa Kiitalia aliyeletwa Kenya na Waingereza, na bibi alitusimulia kwamba alifanya kazi kwenye barabara ya Mai Mahiu, lilipo lile kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942. Alirudishwa kwao mama akiwa bado tumboni. Tulichobaki nacho ni picha moja, na nyuma yake kwa penseli pameandikwa jina lake, kisha "fu Rocco", kisha jina la mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Basilicata. Nimeliandikia baraza la mji huo mara mbili kwa Kiingereza, sijajibiwa. Je, Fu Rocco ndilo jina la ukoo?

Mzee wa Madaftari:
Hapana, binti yangu. Katika nyaraka za zamani za Kiitalia, "fu" hutangulia jina la baba aliyekwisha kufariki. Angekuwa hai, ingeandikwa "di Rocco". Neno hilo dogo lina thamani kubwa, kwa sababu watu wa kusini walizoea kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake, kama wafanyavyo Wakikuyu, hivyo katika mji mmoja utakuta binamu watano wenye majina yale yale, wasiotofautishwa ila kwa jina la baba.

Huko Basilicata serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1809. Ya kabla ya hapo yamo katika vitabu vya parokia. Picha za madaftari mengi zinatazamwa bila malipo kwenye Antenati, tovuti ya hifadhi za nyaraka za serikali ya Italia. Anza na faharasa, yaani orodha ya majina, ambayo kwa kawaida huwa mwishoni mwa daftari la kila mwaka.

Wanjiku wa Ruaka:
Barua iwe ya Kiitalia, fupi, na iombe nakala kamili ya kumbukumbu ya kuzaliwa, wala si cheti cha muhtasari, kwa kuwa pambizoni mwake ndimo karani huongeza habari za ndoa na kifo. Uraia usiutaje kabisa. Ofisi hizo zimechoshwa na maombi ya wajukuu kutoka Brazili na Argentina wanaotafuta uraia wa Italia.

Mjukuu wa Naivasha:
Nawashukuru sana. Padri mmoja mstaafu amekubali kutuandikia. Mama ameomba jambo moja tu: iulizwe kwanza kama babu alifika nyumbani salama.