Mjadala: Je, California ilikosea kuweka ukomo wa ubunge kwa sababu ya Willie Brown?

Mtoa mada

Mwezi Novemba 1990 wapiga kura wa California walipitisha, kwa takriban asilimia 52, Pendekezo namba 140, lililomzuia mtu yeyote kukaa zaidi ya miaka sita katika baraza la chini la Bunge la jimbo hilo, au zaidi ya minane katika Seneti yake, maisha yake yote. Sheria iligusa viti 120, lakini aliyelengwa hasa, kila mtu akijua, alikuwa Spika wa baraza hilo la chini, Willie Brown. Hoja yangu ni kwamba dawa ile haikuwa ya ugonjwa ule.

Brown alizaliwa mwaka 1934 katika mji mdogo wa Mineola, Texas, enzi ambazo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Alihamia San Francisco mwaka 1951, akasomea uanasheria, akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo mwaka 1964. Mwaka 1974 aliwania uspika akashindwa na Leo McCarthy wa chama chake mwenyewe. Aliupata Desemba 1980, tena kwa namna ambayo wanaomshutumu husahau kuitaja: Wademokrati walikuwa wamegawanyika, naye akapita kwa kura 28 za Warepublican na 23 tu za wenzake. Akaushikilia hadi 1995. Spika ndiye aliyegawa kamati na wenyeviti wake, na michango ya fedha za kampeni humfuata mwenye kugawa. Ugonjwa ulikuwa humo, haukuwa katika idadi ya miaka; wangepunguza nguvu za Spika.

Badala yake wananchi wakaondoa kila mtu, na kwa pendekezo lilelile wakapunguza bajeti ya Bunge kwa takriban asilimia 38, hivyo wataalamu wengi waliowachambulia wabunge miswada nao wakaondoka. Mwaka 1996 Bunge lilipitisha bila kura hata moja ya kupinga sheria ya kulegeza udhibiti wa biashara ya umeme. Umeme ulipoanza kukatika kwa zamu mwaka 2001, karibu wabunge wote wa baraza la chini walioipigia kura walikuwa wameshatoka humo kwa ukomo. Washawishi wa kulipwa, ambao hawana ukomo, walikuwapo.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubaliana na historia yako, si na unakoifikisha. Unasema wangepunguza nguvu za Spika. Walijaribu! Mwaka 1984 wapiga kura walipitisha Pendekezo namba 24 kwa lengo hilohilo, na mahakama ikabatilisha sehemu yake kubwa kwa sababu kanuni za Bunge ni mamlaka ya Bunge lenyewe, yaani ya wabunge walewale waliopewa kamati na Spika.

Tazama pia uchaguzi wa 1994. Warepublican walipata viti 41 dhidi ya 39, ikadhaniwa kuwa zama za Brown zimekwisha. Mbunge wao mmoja, Paul Horcher, akajitoa chama cha Republican na kumpigia Brown, kura zikalingana 40 kwa 40, na Januari 1995 Brown akarudi kitini. Alipokiachia mwezi Juni, alikipeleka kwa Doris Allen, Mrepublican aliyechaguliwa kwa kura za Wademokrati. Wapiga kura wa Horcher na wa Allen waliwaondoa wote wawili kabla mwaka haujaisha. Brown wasingeweza kumgusa, kwa kuwa wenye kura yake walikuwa San Francisco, na huko alipendwa. Mtu anayechaguliwa na kipande kimoja cha mji lakini anaamua mambo ya jimbo zima utamfikia kwa njia gani, isipokuwa kwa ukomo?

Ongeza na hili: viti vilipofunguka, mwaka 1996 Cruz Bustamante akawa Spika wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, na mwaka 2008 Karen Bass akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuongoza baraza la Bunge la jimbo lolote la Marekani.

Mtoa mada

Ndugu yangu, umenibana kwa Pendekezo 24, ingawa si kabisa. Lililetwa kama sheria ya kawaida, ndiyo maana lilianguka mbele ya Katiba. Lile la 140 lilibadilisha Katiba yenyewe. Waliokuwa na nguvu za kubadilisha Katiba ili kuhesabu miaka wangeweza kuibadilisha ili kugawa madaraka ya Spika. Hawakufanya hivyo, na Brown mwenyewe hakupata hasara kubwa: kabla ukomo haujamkuta mwaka 1996 alikuwa ameshachaguliwa meya wa San Francisco, akakaa huko hadi 2004.

Kuhusu Bustamante na Bass sina jibu zuri, nakiri. Ila mwaka 2012 wapiga kura wa California walilegeza kanuni yao wenyewe kwa Pendekezo 28, wakaruhusu jumla ya miaka 12 ambayo mtu anaweza kuitumikia yote katika baraza moja. Swali hili si la Marekani pekee, kwani Rasimu ya Katiba ya Tanzania ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 nayo ilipendekeza vipindi vitatu vya miaka mitano kwa mbunge. Naomba anayeunga mkono miaka sita atueleze kwanza kwa nini waliokuwa wameionja miaka hiyo waliiongeza maradufu.