Mwanangu wa miaka 14 ana mafuta kwenye ini, naomba ushauri

MamaLangoni: Assalaam aleikum ndugu zangu. Kijana wangu alikuwa akilalamikia tumbo upande wa kulia. Nikampeleka hospitali hapa Lamu, akapigwa picha, daktari akasema ini limejaa mafuta. Nilidhani hayo ni ya walevi! Shingo yake kwa nyuma imeingia weusi kama masizi, nami kila siku namsugua kwa dodoki nikidhani ni uchafu, mpaka mtoto analia. Hilo linaniuma kuliko yote. Soda anakunywa mbili kwa siku za nusu lita, na nyumbani juisi ya ukwaju haikosi. Jirani ananambia nimchemshie mizizi. Nifanyeje?

TabibuWaPwani: Pole sana dada. Mizizi usimpe, dawa za kuchemsha nyingine huumiza ini lenyewe. Weusi ule mara nyingi ni dalili kwamba insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, imezidi mwilini, kwa hivyo apimwe sukari pia, na damu ya kuangalia ini. Soda moja ya nusu lita huwa na gramu 50 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai 12. Karibu nusu yake ni fruktosi, aina ya sukari inayoshughulikiwa zaidi na ini, na ikiingia nyingi kwa mpigo ini huigeuza mafuta. Habari njema ni kwamba mafuta hayo hupungua. Utafiti wa Marekani uliotoka 2019 ulichukua wavulana 40 wa miaka 11 hadi 16. Waliopunguziwa sana sukari kwa wiki 8, mafuta ya ini yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 17. Na chakula kilibadilishwa kwa nyumba nzima, si kwa mtoto peke yake.

BintiShela: Shoga, hiyo juisi ya ukwaju watia sukari kiasi gani? Mimi nilikuwa namimina kikombe kizima kwa jagi moja. Ilibidi nipunguze kidogo kidogo, wanangu walinuna wiki mbili.

MamaLangoni: Kikombe na nusu, wallahi.

Nahodha_Mkomani: Asiachwe peke yake basi. Baba na ndugu zake nao waache soda mbele yake, na mpira asikatazwe.

MamaLangoni: Nimewasikia. Soda hazinunuliwi tena, hata za wageni. Jumatatu namrudisha kupima damu. Usiku nimekaa naye barazani nikamwomba radhi kwa lile dodoki. Akanambia, "Mama, sasa haliumi tena."