Tupeane uzoefu: kuki ilipogoma kuvuka domeni

Mwana wa Himbi: Leo kijana mmoja hapa Goma kaniletea kompyuta yake: "Yaya, kwenye Postman login inaingia, kwenye Chrome inakataa." Postman ni programu ya kujaribia seva bila kivinjari; kuki ni kale kadata ambako seva huweka kwenye kivinjari ikukumbuke umeingia. Nimekumbuka mateso ya zamani. Wenzangu, ninyi yaliwakuta wapi?

Fundi Kadutu: Mimi Bukavu, kwenye depo ya dawa, mbele ya mteja. Kurasa zilikuwa domeni moja, API, yaani seva inayotoa data, domeni nyingine kabisa. Mama mwenye depo anaandika nenosiri, ukurasa unafunguka kidogo, halafu anarudishwa kuingia upya. Anaandika tena polepole, herufi moja moja, akidhani amekosea. Na nenosiri ni sahihi! Jasho linanitoka, wanawe wamenikodolea macho. Nafungua Network, sehemu ya Chrome inayoonyesha maombi na majibu: seva imejibu 200 (sawa), Set-Cookie, amri ya kuweka kuki, ipo, pembeni kapembetatu ka njano. Kuki imetupwa. Tangu 2020 Chrome huhesabu kuki isiyotaja SameSite (kanuni ya kama kuki inavuka saiti) kuwa Lax, na Lax haipiti kwenye fetch (ombi la JavaScript) ya kutoka saiti nyingine. Nikaandika SameSite=None (ivuke) pamoja na Secure (kwa https tu), mama akaingia.

Lushi Backend: Hako kapembetatu! Nakajua sana.

Katuba Dev: Wekeni nyota (*) tu kwenye Access-Control-Allow-Origin, kichwa cha CORS kinachosema kurasa za anwani zipi zisome majibu ya seva, mambo yaishe.

Mwana wa Himbi: Ndugu, usiwapoteze watoto. Ombi likiwa na credentials: 'include', yaani libebe kuki, kivinjari hukataa nyota. Taja anwani yenyewe pamoja na https, na uongeze Access-Control-Allow-Credentials: true.

Katuba Dev: Kwangu inafanya kazi.

Mwana wa Himbi: Basi maombi yako hayabebi kuki.

Dada wa Ibanda: Acheni ugomvi. Fundi, yule mama alikulipa?

Fundi Kadutu: Alilipa, dada. Ila jioni binti yake akajaribu kwenye iPhone, ikagoma tena. Safari inazuia kuki zote za domeni ya tatu tangu Machi 2020, None haisaidii kitu. Nikahamisha API chini ya domeni ileile, kurasa app., seva api. CORS bado unaihitaji, lakini saiti sasa ni moja, hata Lax inapita.

Lushi Backend: Au pitisha yote kwenye Nginx, seva inayosimama mbele, anwani moja, CORS usiione tena.

Katuba Dev: Tokeni ya kuingia iwekeni kwenye localStorage, hifadhi ya kivinjari, mnalala usingizi.

Dada wa Ibanda: Skripti moja mbaya ikiingia, imeisoma. Kuki yenye HttpOnly JavaScript haiisomi.

Kadogo wa Birere: Wakubwa, mimi kurasa ni localhost:3000, API 127.0.0.1:8000. Kuki haiji.

Mwana wa Himbi: Zote ni kompyuta yako, lakini kwa kivinjari ni saiti mbili, mdogo wangu. Andika localhost pande zote. Poti kutofautiana haidhuru kuki, ila CORS weka.